Kushindwa Mlangoni

Mwaka 2021 timu ya mpira ya Chuo Kikuu cha Nebraska, katika nchi ya Marekani, ilicheza michezo 12. Katika michezo hiyo ilipata alama 335, na wapinzani wake wote kwa jumla walipata alama 272. Mtu asiyejua ila hesabu hiyo atasema bila shaka kwamba timu ilikuwa na mwaka wa neema, kwa kuwa ilizipata alama 63 zaidi ya zile ilizofungwa. Kumbe sivyo. Timu ile ilishinda mara 3 tu, ikashindwa mara 9. Na katika mara hizo 9 haikuachwa hata mara moja kwa zaidi ya alama 9. Tukizijumlisha tofauti za michezo yote iliyopotea twapata alama 56. Kwa alama hizo 56, zilizopotea kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, watu wa jimbo zima walikosa raha, na mwalimu wa timu, ambaye alikuwa mwana wao wa kuzaliwa, akaanza kuonekana kama mgeni nyumbani kwao.

Kabla ya kuendelea yafaa kuueleza mchezo wenyewe, maana Mmarekani akisema mpira wa miguu hakusudii mchezo tuujuao sisi. Mpira wao ni mfano wa yai lililochongoka pande zote mbili. Mchezaji huushika kwa mikono akakimbia nao, au humrushia mwenziwe, na wapinzani humkamata na kumwangusha. Kila upande una watu 11 uwanjani, na kutoka mstari wa mwisho wa upande mmoja hadi ule wa upande wa pili ni yadi 100. Wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Wakiweza, hupewa mengine 4. Wakiona hawataweza, aghalabu hulitumia jaribio la mwisho kuupiga mpira teke la mbali, ili wapinzani waanzie nyuma. Auvushaye mpira mstari wa mwisho huipatia timu yake alama 6, na baada ya hapo hupewa nafasi ya kuongeza alama 1 kwa teke, au alama 2 kwa kuuvusha tena kutoka karibu. Teke lipitalo kati ya nguzo mbili ndefu lina alama 3. Kwa hiyo shambulio moja haliwezi kuleta zaidi ya alama 8, na timu iliyo nyuma kwa alama 8 au chini ya hapo huwa bado ina tumaini mpaka saa inaposimama. Tumaini hilo ndilo asili ya maumivu yote nitakayoyasimulia.

Nebraska ni jimbo la katikati ya Marekani, nchi tambarare ya mahindi na ng'ombe. Watu wake ni kama milioni 2, na hawana timu kubwa hata moja ya wachezaji wa kazi katika mchezo huu. Basi timu ya wanafunzi wa chuo chao, kilicho katika mji wa Lincoln, imekuwa timu ya kila mtu: ya mkulima, ya mwenye duka, ya mama mzee ambaye hajatia mguu chuoni maisha yake yote. Zamani wachezaji hao waliitwa Wala Wadudu. Mwandishi mmoja wa gazeti, Cy Sherman, alichoshwa na jina hilo lisilo na heshima, na mwanzoni mwa karne ya 20 likashika mahali pake jina la Wamenya Mahindi, ambalo ndilo wanaloitwa mpaka leo.

Uwanja wao ulifunguliwa mwaka 1923 kwa ukumbusho wa watu wa jimbo hilo waliokufa vitani. Katika ukuta wake yamechongwa maneno ya Hartley Burr Alexander, mwalimu wa falsafa wa chuo hicho, ambayo maana yake ni kwamba utukufu umo katika kutenda wala haumo katika kushinda. Siku za mchezo makumi ya maelfu ya watu wenye mavazi mekundu hupita karibu na maneno hayo, nami sidhani kama wengi huyainulia macho. Walakini mambo mawili lazima niyataje kwa sifa yao. La kwanza, tangu tarehe 3 Novemba 1962 tikiti za kila mchezo uliochezwa hapo mbele ya watazamaji zimeuzwa zote, na kufikia mwaka 2024 michezo hiyo ilikuwa imepita 400. La pili, ni desturi yao kuwapigia makofi wageni wanapotoka uwanjani, hata ikiwa wageni hao ndio walioshinda. Katika miaka ya karibuni wamepata nafasi nyingi mno za kuitimiza desturi hii ya pili.

Mwaka huo wa 1962 ndio aliokuja mwalimu Bob Devaney, akaitoa timu katika unyonge, hata mwaka 1970 na mwaka 1971 ikatajwa kuwa ya kwanza katika Marekani nzima. Tarehe 25 Novemba 1971 ilipambana na hasimu wake wa miaka mingi, Oklahoma, ikashinda kwa alama 35 kwa 31, katika mchezo ambao wazee bado huuita mchezo wa karne. Tofauti ilikuwa alama 4 tu. Lakini ni nani anayehesabu tofauti anaposhinda?

Mwaka 1973 kazi ikashikwa na Tom Osborne, aliyekuwa msaidizi wa Devaney, mtu mpole asiyepandisha sauti. Osborne alidumu miaka 25, na hakuna mwaka hata mmoja alioshinda michezo chini ya 9. Pamoja na hayo, miaka 5 ya kwanza mfululizo alishindwa na Oklahoma, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu huyu ni hodari wa michezo midogo, mikubwa humponyoka. Manung'uniko hayo yalimfuata zaidi ya miaka 20. Msomaji ayakumbuke, maana mara nyingi wazee huwaambia vijana kwamba zamani mashabiki walikuwa na subira, na kwamba kelele za lawama ni uzushi wa siku hizi.

Usiku wa tarehe 2 Januari 1984 Osborne na vijana wake walikuwa mjini Miami, wakicheza na chuo cha mji huo. Walikuwa wameshinda michezo yao yote 12, na kila mtu aliwahesabu kuwa wa kwanza nchini. Usiku huo mambo yaliwaendea kombo. Robo ya mwisho walikuwa nyuma kwa alama 31 kwa 17. Wakajikaza, wakapata 24, na zikiwa zimebaki sekunde 48 mchezaji mmoja akakimbia yadi 24 mpaka ng'ambo ya mstari, ikawa 31 kwa 30. Wakati ule michezo ya vyuo haikuwa na muda wa nyongeza. Timu zikilingana zilikwenda zao sare. Teke moja jepesi lingeleta sare, na Nebraska ingebaki haijashindwa, na kwa maoni ya wengi ingetangazwa kuwa ya kwanza bila shida. Osborne hakuitaka sare. Aliwaamuru vijana wake watafute alama 2 ili washinde wazi. Mpira ukarushwa, mlinzi mmoja wa Miami akaunyoshea mkono, akaugusa kidogo tu, ukapotoka, ukaanguka.

Miaka 10 baadaye, tarehe 1 Januari 1994, mambo yakarudia mjini humo humo. Safari hii mpinzani alikuwa Florida State. Nebraska ilitangulia kwa 16 kwa 15 ikiwa imebaki dakika moja na kitu. Wapinzani wakapata teke la alama 3 kwa sekunde 21 zilizosalia. Na kwa nukta ya mwisho kabisa Nebraska ikajaribu teke la yadi 45, likapita nje ya nguzo. Alama 18 kwa 16. Mwaka uliofuata timu ikarudi pale pale, ikaifunga Miami 24 kwa 17, na Osborne akawa bingwa kwa mara ya kwanza, katika mwaka wake wa 22 wa ualimu. Akawa bingwa tena mwaka 1995 na mwaka 1997.

Huo ubingwa wa 1997 unataka tuusimamie kidogo, kwa kuwa ndani yake yumo mtu ambaye habari yetu yote yamhusu. Aliyeongoza mashambulizi ya timu mwaka ule, yaani yule apokeaye mpira kwanza na kuamua auchukue mwenyewe au ampe mwingine, alikuwa Scott Frost, kijana aliyezaliwa Lincoln na kukulia katika mji mdogo wa Wood River, huko huko Nebraska. Tarehe 8 Novemba 1997 walikwenda kucheza na Missouri, na zikiwa zimebaki sekunde 7 walikuwa nyuma kwa alama 7. Frost akarusha mpira wa mwisho. Mwenziwe aliyerushiwa hakuudaka; aliangushwa, na katika kuanguka kwake mguu wake ukaupiga mpira ukaruka juu kabla haujagusa ardhi. Mwenzao wa pili akajitupa, akaupokea inchi chache kutoka majanini, ng'ambo ya mstari. Timu zikalingana, na kwa kuwa kanuni zilikuwa zimebadilika mwaka 1996, wakaingia muda wa nyongeza. Frost mwenyewe akauvusha mpira, Nebraska ikashinda 45 kwa 38.

Lau mguu ule ungalikosa mpira kwa upana wa kidole, Nebraska haingalimaliza mwaka bila kushindwa, na Osborne, aliyestaafu baada ya msimu huo, angaliondoka na ubingwa mara 2 badala ya mara 3. Hata hivyo ubingwa wenyewe uligawanywa: waandishi wa magazeti waliuchagua Michigan, walimu wa timu wakaichagua Nebraska. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba Nebraska ilishinda kwa bahati. Ilisemwa kwamba ilishinda kwa moyo.

Baada ya Osborne jimbo likazoea kushinda, na mazoea hayo yakawa ugonjwa. Mrithi wake, Frank Solich, alifukuzwa mwaka 2003 ingawa alikuwa ameshinda michezo 9 kati ya 12. Bo Pelini alifukuzwa mwaka 2014, naye alikuwa ameshinda 9 kati ya 12. Katikati ya miaka ya Pelini, tarehe 5 Desemba 2009, timu ilikuwa inaiongoza Texas kwa 12 kwa 10 katika fainali ya shirikisho lao. Saa ikafika sifuri. Watu wa Nebraska wakaanza kukimbilia uwanjani kwa furaha. Waamuzi wakatazama picha, wakairudisha sekunde 1. Katika sekunde hiyo Texas ikapiga teke la yadi 46 lililopita kati ya nguzo, 13 kwa 12. Nadhani hakuna watu katika mchezo huu waijuao sekunde moja vizuri kuliko watu wa Lincoln.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwaka 2017 Scott Frost alikuwa mwalimu wa chuo kimoja cha Florida, na timu yake ilishinda michezo yote 13. Mwisho wa mwaka huo Nebraska ikamwita nyumbani. Furaha iliyompokea haikuwa ya mwalimu mpya, ilikuwa ya mwana aliyerudi. Watu waliamini kwamba miaka ya Osborne itarejea pamoja naye, na wala si ajabu kuamini hivyo, kwa maana alikuwa ameshika mpira wa mwisho wa enzi ile kwa mikono yake mwenyewe.

Michezo 6 ya kwanza alishindwa yote. Watu wakavumilia, wakasema timu ni changa. Novemba 2018 Iowa ikawashinda kwa 31 kwa 28, kwa teke lililopigwa saa ikiisha. Novemba 2019 Iowa ikawashinda kwa 27 kwa 24, kwa teke la yadi 48 ikiwa imebaki sekunde 1. Sasa watu wakaanza kujua kabla ya jambo kutokea. Hili ni jambo la kutisha katika roho ya mtazamaji. Mchezo ukikaribia mwisho na timu yako inaongoza kwa alama chache, badala ya kufurahi unaanza kutafuta kwa macho ni nani atakayekosea. Uwanja mzima huingiwa na kimya, na sidhani kwamba vijana waliomo ndani hawakisikii kimya hicho.

Ndipo ukaja mwaka 2021 niliouanza nao. Mchezo wa kwanza walishindwa na Illinois, 30 kwa 22. Siku chache baadaye ikaonekana kwamba tikiti za mchezo uliofuata hazijaisha, na kwamba ile safu iliyoanza 1962 ilikuwa karibu kukatika. Wahisani wakazinunua zilizobaki, zikagawiwa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Wako waliosema huu ni ujanja wa kutunza hesabu. Huenda ni kweli; lakini watoto wale waliingia uwanjani, na siku hiyo timu ilishinda 52 kwa 7.

Septemba 18 walicheza na Oklahoma, miaka 50 baada ya mchezo wa karne. Nebraska ilivuka mstari, ikapiga teke lake la kuongeza alama 1, jambo ambalo watazamaji wengi hutumia nafasi yake kwenda kununua soda. Oklahoma ikalizuia teke, ikauchukua mpira na kukimbia nao mpaka upande wa pili wa uwanja, na kwa kanuni ikapata alama 2. Mchezo ukaisha 23 kwa 16. Wiki iliyofuata, kule Michigan State, Nebraska ilikuwa inaongoza kwa alama 7 zikiwa zimebaki dakika chache. Mpigaji akatakiwa kuupeleka mpira kulia, na walinzi wote wakakimbilia kulia. Mpira ukaenda kushoto. Mpokeaji wa Michigan State aliukuta ukimngojea peke yake, akakimbia nao yadi 62, akasawazisha. Nebraska ikashindwa katika muda wa nyongeza, 23 kwa 20. Oktoba 9 ilicheza na Michigan mjini Lincoln, ikawa sare ya 29 kwa 29 ikibaki chini ya dakika 2, na Nebraska ndiyo yenye mpira. Ukanyakuliwa kutoka mikononi mwa kiongozi wa mashambulizi, Michigan ikapiga teke, 32 kwa 29.

Lawama nyingi zilimwangukia kijana huyo. Simtaji jina, kwa sababu alikuwa mwanafunzi, na kwa sababu walimtaja vya kutosha wakati ule. Baadaye ilijulikana kwamba katika ule mchezo wa Michigan State alivunjika taya, naye akaendelea kucheza wiki baada ya wiki bila kuwaambia watazamaji. Ningependa kila apigaye kelele uwanjani aliwaze jambo hilo kwa muda. Watu waliokaa vitini mwao wakitafuna njugu walimwambia kwamba hana moyo.

Hapa yafaa tuulize swali ambalo mashabiki wenyewe hawakuchoka kuulizana: je, ni bahati mbaya, au ni kosa? Katika miaka yake yote Frost alicheza michezo 27 iliyoamuliwa kwa alama 8 au chini ya hapo, akashinda 5, akashindwa 22. Wako wataalamu wasemao kwamba michezo ya namna hiyo ni kama kurusha sarafu juu. Mwanafunzi wa hesabu na ajaribu mwenyewe: ukirusha sarafu mara 27, nafasi ya kupata upande uutakao mara 5 au chini yake ni kama 1 katika 1,300. Wengi wakifika hapo hupiga meza, wakasema, basi si bahati. Lakini ngoja kidogo. Vyuo vinavyocheza katika daraja hilo la juu ni kama 130. Ikiwa kila kimoja kingerusha sarafu yake mara 27, nafasi ya kwamba kimoja kati ya vyote, chochote kile, kipatwe na balaa hilo ni karibu 1 katika 10. Balaa kama hilo si la kila siku, wala si muujiza.

Mimi naona kwamba bahati ilikuwamo, ila haikuwa peke yake. Tazama mahali mpira ulipopotea: teke lililozuiwa, teke lililokwenda upande mwingine, mpira uliodondoka. Novemba 26 mwaka ule Nebraska iliiongoza Iowa kwa 21 kwa 6. Teke lake moja likazuiwa na Iowa ikalivusha mstari, na mwisho ukawa 28 kwa 21. Kikosi cha mateke ni sehemu ya timu isiyo na sifa. Hakuna mtoto aotaye ndoto ya kuwa humo, na mwalimu ambaye akili yake yote imo katika mashambulizi hukitazama mwisho. Katika mchezo unaoshinda au kushindwa kwa alama 20 kikosi hicho hakionekani. Katika mchezo wa alama 3 ndicho kinachoamua. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya usiku wa Miami mwaka 1984 na vuli ya 2021. Osborne alishindwa kwa alama 1 kwa jambo alilolichagua mbele ya watu wote, na heshima yake haikupungua. Vijana wa Frost walishindwa kwa mambo ambayo hakuna aliyeyachagua, na kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kujivunia njiani kurudi nyumbani.

Wakuu wa chuo hawakumfukuza mwaka huo. Tarehe 8 Novemba 2021 walitangaza kwamba atabaki, mshahara wake upunguzwe kutoka dola milioni 5 hadi milioni 4 kwa mwaka, na wasaidizi wake 4 waondolewe. Agosti 27, 2022, timu ikasafiri mpaka Dublin, Ireland, kucheza na Northwestern. Ilikuwa inaongoza kwa 28 kwa 17 Frost alipoamuru teke fupi la hila, ambalo kusudi lake ni kuuokota tena mpira kabla ya wapinzani. Wapinzani ndio waliouokota. Northwestern ikashinda 31 kwa 28. Baada ya mchezo hakuna aliyeweza kueleza vizuri kwa nini mtu aliye mbele kwa alama 11 aingie katika mchezo wa pata potea. Mimi nadhani aliogopa kushindwa tena mwishoni, akaharakisha kuumaliza mchezo mapema. Hofu ya watazamaji ilikuwa imemwingia mwalimu.

Septemba 10, 2022, wakafungwa nyumbani na Georgia Southern, chuo ambacho watu wengi wa Lincoln hawakuwahi kukifikiria, kwa 45 kwa 42. Mpaka siku hiyo Nebraska ilikuwa haijapata kushindwa katika uwanja wake kila ilipofikisha alama 35. Ilikuwa imeshinda michezo yote 214 ya namna hiyo. Kesho yake Frost akaondolewa. Kwa mkataba wake, lau wangalingoja mpaka Oktoba 1, malipo ya kumwachisha kazi yangalipungua nusu, kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7 na nusu. Hawakungoja wiki 3. Ukitaka kuipima kwa fedha chuki ya kushindwa mlangoni, kipimo ndicho hicho.

Ningependa kusema kwamba kuondoka kwake kuliponya ugonjwa. Mwaka 2023 akaingia mwalimu mwingine, Matt Rhule, mtu asiye mwana wa jimbo hilo wala mwenye deni kwa mguu wa mtu yeyote. Timu ikashindwa na Minnesota 13 kwa 10, na Michigan State 20 kwa 17, na Maryland 13 kwa 10, na Wisconsin 24 kwa 17 katika muda wa nyongeza, na Iowa 13 kwa 10. Ilihitaji ushindi 6 ili ialikwe kwenye michezo ya mwisho wa mwaka, ambayo ilikuwa haijaifikia tangu msimu wa 2016. Ikapata 5. Waliokuwa wamemlaumu Frost kwa kila kitu iliwabidi wakae wafikiri upya, na wachache walifanya hivyo.

Novemba 23, 2024, Nebraska iliifunga Wisconsin 44 kwa 25 mjini Lincoln. Huo ulikuwa ushindi wa 6, na wa kwanza juu ya Wisconsin tangu 2012. Siku 6 baadaye wakaenda Iowa. Mchezo ulikuwa 10 kwa 10 mpaka mwisho, na saa ilipokuwa inasimama Iowa ikapiga teke la yadi 53 lililopita kati ya nguzo. Alama zikawa 13 kwa 10, hesabu ile ile ya mwaka uliotangulia, kwa mpinzani yule yule, na kwa teke la mwisho vile vile.

Lakini mwaliko ulikwisha kupatikana. Tarehe 28 Desemba 2024 timu ilicheza New York na Boston College. Nebraska ilitangulia kwa 20 kwa 2, na robo ya mwisho ilipoanza watu wenye mavazi mekundu walikuwa wakiimba. Boston College ikavuka mstari. Ikavuka tena, ikawa 20 kwa 15. Kuimba kukakoma, na kile kimya cha Lincoln kikaja mpaka New York. Watu wakasimama, wakaitazama saa, wakangoja kuona ni nani atakayekosea. Hakuna aliyekosea. Saa ikafika sifuri, nao bado walikuwa mbele kwa alama 5.